Jemadari aliyechoma kijiji atawaongozaje walionusurika?

SWALI: Naandika riwaya ya fantasia. Mhusika mkuu ni mwanamke, jemadari wa jeshi la mpakani, aliyelelewa kambini tangu utotoni na asiyejua kazi nyingine ila vita. Katika sura ya 12 anapita kwenye magofu ya kijiji ambacho jeshi lake limekichoma, anamkuta mtoto mchanga analia, naye anaangua kilio. Tangu hapo anakuwa mwema, na mwisho wa kitabu anatawazwa malkia wa nchi ile ile aliyoivamia. Watu niliowapa mswada wanasema hawamwamini kuanzia sura hiyo. Mmoja amesema alimpenda zaidi alipokuwa katili. Nirekebishe wapi? Na kweli inawezekana mtu akaongoza watu aliowaonea?

JIBU: Ndugu yangu, anza na huyo aliyempenda jemadari alipokuwa katili, kwa sababu ndiye aliyekusoma kwa makini kuliko wenzake. Sidhani kama alipenda ukatili. Alipenda kumwona mtu anayeamua. Mpiganaji aliyesawiriwa vizuri ana akili inayofanya kazi kila ukurasa: akiona bonde anajua adui atajificha wapi, akimtazama askari usoni anajua kama kesho atasimama au atakimbia. Msomaji hufurahi kukaa ndani ya akili ya namna hiyo hata kama matendo yake yanamtisha. Halafu inafika sura ya 12, jemadari analia, na kuanzia pale haamui tena. Wema umemwingia kama homa, na mambo yanamtokea tu. Umemnyang'anya kile kilichomfanya awe yeye.

Shida ya pili ni mtoto mwenyewe. Mtoto mchanga anayelia kwenye majivu hadai chochote kwa jemadari wako. Hana hoja, hana hasira, hamkumbuki aliyemuua mama yake. Na askari mbaya kuliko wote kambini angeweza kumwokota. Tukio ambalo lingemgusa mtu yeyote halituambii jambo lolote kumhusu mtu huyu mmoja, kwa hiyo haliwezi kubeba mgeuko wake. Mlete mtu mzima. Mlete mtu anayemchukia, anayejua jina lake, na mwenye haja ambayo jemadari peke yake anaweza kuitimiza.

Utenzi wa Iliad, unaonasibishwa na Homer wa Wayunani wa kale, ulilitatua tatizo hili hili zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, na sijaona aliyelitatua vizuri zaidi. Achilles, mpiganaji wa Wayunani asiye na mfano, amemuua Hector, shujaa wa mji wa Troy wanaopigana nao, kulipiza kisasi cha rafiki yake Patroclus, na kila siku anaiburuta maiti kwa gari la farasi. Katika kitabu cha 24, ambacho ndicho cha mwisho, Priam, mzee na mfalme wa Troy, anaingia usiku katika kambi ya adui, anapiga magoti na kuibusu mikono iliyowaua wanawe. Anaomba maiti ya Hector. Anamwambia Achilles amkumbuke baba yake mwenyewe, mzee kama yeye, anayemngoja mwana huko mbali. Wote wawili wanalia: mzee anamlilia Hector, kijana anamlilia baba yake na Patroclus.

Mpaka hapo unaweza kusema ni kilio tu, kama cha sura yako ya 12. Angalia kinachofuata. Priam anaharakisha, anataka apewe mwanawe mara moja, na Achilles anamkaripia: usinichokoze, mzee, nisije nikakudhuru hapa hapa. Hasira ipo vilevile. Kisha anatoka nje, anawaagiza vijakazi waioshe maiti na kuipaka mafuta, lakini kando, mahali ambapo Priam hataiona. Sababu yake imetajwa waziwazi: mzee akimwona mwanawe katika hali ile atashindwa kujizuia, ataghadhibika, na Achilles naye atapandwa na hasira na kumuua.

Nakuomba ukae na tendo hilo kwa muda. Huyu ni mpiganaji anayefanya kile mpiganaji anachokijua: kuona hatari kabla haijafika na kuiwekea njia ya kuikwepa. Safari hii hatari yenyewe ni yeye. Huruma yake haikutoka mahali pengine pageni, imetumia ujuzi ule ule wa vitani. Baadaye, wakiwa wameshakula, anamuuliza Priam anahitaji siku ngapi za maziko. Mzee anahesabu: siku 9 za maombolezo, ya 10 kuzika, ya 11 kujenga kaburi, na ya 12 wapigane kama hapana budi. Achilles anakubali kulizuia jeshi kwa muda wote huo. Hapo amevuka kutoka huruma ya mtu binafsi hadi huruma ya kiongozi, kwa maana siku zile si zake peke yake. Anawazuilia maelfu ya watu wenye silaha, na yeye ndiye atakayewajibika.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wa fantasia hulipita haraka, nalo ni la kwako hasa kama hadithi yako ina miungu, mizimu au uchawi. Achilles aliamriwa na Zeus, mungu mkuu wa Wayunani, kupitia kwa mama yake Thetis, airudishe maiti. Kwa hiyo kuirudisha kwenyewe hakuhesabiki sana. Chakula, malazi, kuioshea kando na zile siku za maziko hakuamriwa na yeyote. Mtunzi amelitenga lile la lazima na lile la hiari, na sisi tunampima mtu kwa lile la hiari. Ikiwa katika mswada wako kuna ndoto, ramli au hirizi iliyomlainisha jemadari, usilazimike kuifuta. Ila hakikisha ameongeza la kwake juu ya alichoagizwa, tena akiwa huru kutokufanya.

Sasa turudi nyuma ya sura ya 12, maana kwa maoni yangu kasoro yako kubwa iko huko. Umeandika kana kwamba hakuwa na huruma, kisha akaipata. Watu hawako hivyo, na wapiganaji ndiyo kabisa. Aliyekulia kambini ana huruma nyingi, lakini ina mpaka: anajua majina ya askari wake, anajua nani ana mama mgonjwa, halali kabla majeruhi hawajapata maji. Kinachokua ndani yake ni mpaka huo kusogea. Usipotuonyesha mpaka ulikuwa wapi tangu mwanzo, hatutauona ukisogea.

Iliad imefanya hivyo kwa ustadi ambao hunistaajabisha kila ninapoirudia. Katika kitabu cha 6, mapema kabisa, Andromache, mke wa Hector, anasimulia jinsi Achilles alivyomuua baba yake, mfalme Eetion. Alimuua, lakini aliona haya kumvua silaha. Akamchoma kwa heshima pamoja na silaha zake na kumjengea kaburi. Mbegu imepandwa vitabu 18 kabla ya kuchipua, na imepandwa na mdomo wa adui, mwanamke asiye na sababu yoyote ya kumsifu. Katika kitabu cha 21, kijana wa Troy aitwaye Lycaon anamshika Achilles magoti akiomba aachwe hai. Zamani Achilles aliwahi kumkamata na kumuuza badala ya kumuua. Sasa Patroclus amekufa, na Lycaon anauawa pale pale. Kwa hiyo mtu huyu alikuwa na kiasi fulani cha huruma, akakipoteza chote kwa uchungu, kisha akarudi mahali pa mbali zaidi ya alikoanzia. Njia haikunyooka. Mhusika anayepanda ngazi moja moja kuelekea wema ni bapa sawa na yule asiyebadilika.

Katika sura zako za kwanza, basi, tafuta mahali pawili au patatu ambapo jemadari anafanya jambo dogo la heshima kwa adui, na usilieleze. Msimuliaji asilisifu. Ikiwezekana tulisikie baadaye sana, kutoka kwa mtu asiyempenda. Kisha baada ya sura ya 12 mpe anguko, tena zito. Awe na siku ambayo anarudia ukali wake wa zamani na mtu asiye na hatia anaumia, na safari hii ajue alichofanya.

Swali lako la mwisho, kama inawezekana kuwaongoza uliowaonea, lina mfano katika historia, nao una maelezo mengi ya kumfaa mwandishi. Mfalme Ashoka wa dola ya Maurya, huko India, aliishambulia nchi ya Kalinga kwenye pwani ya mashariki mwaka wa 8 baada ya kutawazwa, yapata mwaka 261 KK. Katika tangazo lake kubwa la 13, lililochongwa kwenye miamba, anataja mwenyewe hesabu: watu 150,000 walihamishwa kwa nguvu, 100,000 waliuawa, na wengi zaidi ya hao walikufa. Anasema anajuta. Anaongeza jambo ambalo ni wachache wangelifikiria: kwamba hata waliosalimika wameumia, kwa kuwa rafiki zao na jamaa zao wamepatwa na mabaya.

Majuto ya Ashoka yaligeuka kuwa kazi za serikali. Matangazo yake yanazungumzia visima kando ya njia, miti ya kivuli, mitishamba kwa ajili ya watu na wanyama. Anatangaza kwamba apelekewe habari za raia wakati wowote, hata akiwa mezani. Kuna lingine dogo ninalolipenda kuliko yote. Katika tangazo la 1 anasema zamani jikoni kwake walichinjwa wanyama maelfu kila siku, na sasa ni watatu tu, tausi wawili na paa mmoja, tena paa si kila siku, na hata hao wataachwa baadaye. Ona ukweli ulivyo: mtu mwenye nia ya kubadilika ambaye bado hajaacha tausi wake. Hakuna mtunzi ambaye angethubutu kubuni hilo, na ndiyo sababu linaaminika.

Kuna pia upande mchungu. Katika tangazo lile lile la majuto, Ashoka anawageukia watu wa misituni na kuwakumbusha kwamba, pamoja na kujuta kwake, uwezo wa kuwaadhibu bado anao. Na kule Kalinga kwenyewe, kwenye miamba ya Dhauli na Jaugada, tangazo la 13 halikuchongwa. Walioumizwa hawakuwekewa ungamo lile. Mahali pake yamechongwa maagizo mengine kwa maofisa wa huko. Anawaambia kwamba watu wote ni watoto wake, anawaonya wasimfunge mtu bila sababu, na anataja kasoro za kujihadhari nazo: wivu, hasira, ukali, pupa, uvivu, uchovu. Anaahidi kupeleka mkaguzi kila baada ya miaka 5. Uchovu! Mshindi wa vita anajua kwamba ofisa aliyechoka ni hatari kwa mtu mnyonge aliye mbele yake. Je, kutokuwachongea watu wa Kalinga ungamo lile kulikuwa staha, woga au siasa? Sura nzima ya riwaya inaweza kukaa ndani ya swali hilo, na kwa jemadari wako ningeliandika: atawaambia nini wale wa kijiji, na atanyamazia nini?

Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi wanaofundisha uandishi. Husema mhusika wa namna hii lazima asamehewe ili hadithi ikamilike. Mimi naona msamaha ndio unaoiharibu. Priam hakumsamehe Achilles. Aliomba, akapewa, akalala kidogo, akaondoka usiku ule ule na maiti ya mwanawe, na vita vikabaki palepale. Watu wa kijiji chako hawadaiwi upendo. Wanaweza kumtii kwa sababu chini yake ghala lina nafaka na barabara haina majambazi, huku nyumbani wakimlaani. Mwache atawale akijua hivyo. Kiongozi anayetenda haki kwa watu ambao hawatampenda kamwe ni mkubwa kuliko yule anayeshangiliwa, na msomaji atampenda kwa niaba yao.

Halafu kuna hofu, ambayo haiondoki siku moja na nia njema. Sisi tuna picha yake katika Utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo amechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe. Anainuka, anachukua upinde na mishale, anakwenda kisimani, anapiga goti, anaupachika mshale, na roho inatoka akiwa vile vile. Watu wa mji wanamwona kwa mbali na hawathubutu kuteka maji, wakidhani yu hai. Mji mzima unakosa maji kwa sababu ya maiti. Mwishowe wanamwendea mama yake amsihi.

Jemadari wako naye, hata moyo wake ukiwa umeshageuka, mwili wake bado unasema vita. Vile anavyosimama mlangoni na kuziba njia, vile anavyotazama mikono ya mtu kabla ya uso, farasi wake ambaye watu wanaujua mlio wa kwato zake. Andika tukio moja ambapo anafika kisimani kwa nia safi kabisa na wanawake wanaacha ndoo na kukimbia. Kisha mfanye alifikirie kama tatizo la kivita: nifike saa ngapi, kwa mguu au juu ya farasi, na nani, nisimame wapi ili wapate njia ya kuondoka bila kunipita? Akili ile ile unayoisawiri tangu sura ya 1 itakuwa inafanya kazi, ila sasa inatafuta namna ya watu kuwa salama mbele yake.

Sura ya 12 yenyewe ningeijenga upya kwa nafaka. Jeshi likichoma kijiji kwanza huchukua akiba, na ndani ya akiba kuna mbegu. Mvua inakaribia. Anakuja kambini mzee mmoja wa waliosalia, mwanamume au mwanamke, hapigi magoti wala halii. Anataka magunia ya mbegu tu, kwa sababu bila hayo hata walionusurika watakufa mwaka ujao. Jemadari anajua hesabu za posho kuliko mtu yeyote pale. Anajua kwamba akitoa magunia yale, jeshi litafika mtoni likiwa limechelewa na lina njaa, na adui yuko nyuma. Anajua kwamba msaidizi wake, aliyewahi kumwokoa, atauona uamuzi huo kama usaliti kwa wafu wao. Aamue sisi tukimwona akihesabu. Atoe sehemu, isiyotosha kikamilifu kwa mzee wala kwa askari. Asilie. Na gharama ije kweli, sura mbili mbele: watu wake wafe kwa kuchelewa kule, watu ambao tunawajua kwa majina, na mjane wa mmojawapo amuulize mbegu za adui zilikuwa na thamani gani kuliko mume wake.

Swali la mjane huyo usilijibu kwa hotuba. Ndilo swali la uongozi wenyewe, kwa kuwa mtu binafsi akiwa na huruma hutoa cha kwake, lakini kiongozi mara nyingi hutoa cha watu wengine. Riwaya nyingi za fantasia hulikwepa kwa kumfanya adui awe zimwi asiye na watoto wala shamba, na huruma inakuwa rahisi kwa sababu haimnyimi mtu chochote. Ulimwengu wako umeubuni mwenyewe, kwa hiyo unaweza kuupanga ubane: msimu wa mvua, jeshi lisilo na mshahara linaloishi kwa ngawira, mtawala aliyelituma anayengoja ushindi. Akikataza uporaji, askari watakula nini? Ukiwa na jibu la swali hilo, utakuwa na nusu ya pili ya kitabu chako.

Kuhusu taji, ningeliondoa. Taji linamaliza swali ambalo bado halijajibiwa, na linafanya wema wote uliotangulia uonekane kama bei iliyolipwa ili apate kiti. Mpe kazi ndogo ambayo wale watu wanaihitaji na hawana wa kuifanya: kugawa zamu za maji kati ya vijiji viwili vinavyogombana, kulinda njia ya msafara wakati wa mavuno. Wamkubalie kwa msimu mmoja, na wawe na uwezo wa kumwondoa. Msimu ukiisha, wakutane wajadiliane kama aendelee, yeye akiwa nje haruhusiwi kuingia. Sura hiyo iandike kutoka ndani ya kikao, kwa macho ya yule mzee wa mbegu, na iandike kabla hujagusa sura ya 12, kwa sababu utakayoyasikia yakisemwa mle ndani juu ya jemadari ndiyo yatakayokuonyesha ni matendo gani unayodaiwa kuyaandika huko nyuma.